Kazi ya Pili ya Gunia

Magunia yanayofika katika nyumba za Embu yakiwa na mahindi, maharagwe au mbolea ni ya aina mbili. Moja hufumwa kwa nyuzi za mimea, katani au juti, kama yale ya kahawa. Jingine, ambalo sasa limeenea zaidi, ni la plastiki, na watu huliita la nailoni. Katani na juti hunyonya maji na huoza udongoni. Nailoni hainyonyi maji wala haiozi, ila jua huichanachana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi ya pili ya kila gunia.

Kwa bustani, nailoni hudumu zaidi. Gunia la kilo 90 hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, na katikati husimamishwa nguzo ya kokoto. Mkebe usio na kitako hujazwa kokoto, udongo huzungushiwa pembeni, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena mpaka gunia lijae. Maji hushuka kwenye kokoto na kufikia mizizi ya chini. Pasipo nguzo hiyo, udongo wa juu hulowa na wa chini hubaki mkavu. Ubavuni hutobolewa matundu yaliyopishana, ya kupandia miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu hupandwa vitunguu. Bustani hii hutumia maji kidogo, kwa hiyo huwafaa wakazi wa Mbeere kwenye mvua haba, na wapangaji wa mjini wasio na shamba.

Gunia la katani au juti likiloweshwa na kutandazwa juu ya kreti ya mboga kivulini, hupoza, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hewa kavu ya Siakago na Kiritiri huisaidia kazi hiyo. Manyatta na Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, unyevu wa hewa huipunguza nguvu. Huko gunia hufaa zaidi kutandazwa juu ya udongo wa mteremko ili mvua isiubebe. Likioza, hugeuka mboji.

Nyumbani, matabaka mawili au matatu ya gunia yakishonwa pamoja kwa shazia, sindano kubwa ya magunia, hupatikana zulia la mlangoni. Nyuzi za nailoni huchambuliwa na kusukiwa viondo.

Gunia lililobeba dawa ya wadudu au mbegu iliyotiwa dawa halitumiki tena nyumbani wala bustanini. La mbolea huoshwa vizuri, lakini haliwekwi chakula. Litakalorudishiwa nafaka lazima likauke kabisa, kwa maana unyevu hukuza ukungu wenye sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Gunia la nailoni likianza kuchanika kwa jua huondolewa bustanini mapema, kabla vipande vyake havijachanganyika na udongo.