Orodha ya Paris na Mnada wa Katesh

Mfugaji mzee wa Hanang, aliyeuza madume manne mnadani Katesh kisha akenda benki na mafungu ya noti yaliyofungwa katika kitambaa, huenda akatahayari karani amwulizapo, baada ya shikamoo, fedha hizo amezipata wapi. Kwani kwake yeye kuulizwa asili ya mali yake ni karibu na kutuhumiwa wizi. Ilhali swali hilo halikutungwa na karani, wala halikuanzia Katesh. Ni wajibu uliowekwa na sheria yetu ya mwaka 2006 ya kudhibiti fedha haramu, na chimbuko lake liko mbali zaidi.

Mwaka 1989 mataifa saba tajiri yaliunda kikosi kazi kiitwacho FATF, chenye makao yake Paris, ili kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani ile hila ya kuipitisha mali ya rushwa, ya ujangili au ya dawa za kulevya katika biashara ya halali hata asili yake isijulikane. Na mwaka 2001 kikaongezewa kazi ya kuzuia ufadhili wa ugaidi, balaa ambayo sisi tulikwisha kuionja Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam. Kikosi hicho kina orodha mbili: nyeusi, yenye Korea Kaskazini, Iran na Myanmar, na ya kijivu, ya nchi zilizokiri kasoro zao na kuahidi kuzirekebisha chini ya uangalizi. Tanzania iliingizwa katika hii ya pili Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Uganda ilitoka Februari 2024, mwezi ule ule Kenya ilipoingia.

Yafaa ibainike kwamba orodha hiyo huihukumu dola, haiwahukumu raia wake. Kinachopimwa ni kama serikali yawajua wamiliki wa kweli wa makampuni, yazisimamia benki, na yawafikisha wahalifu mahakamani. Lakini Umoja wa Ulaya nao una orodha yake, ambayo Tanzania iliingizwa mwaka 2023, na benki zinazofuata kanuni zake hulazimika kuuchunguza kwa hadhari zaidi kila muamala wa nchi iliyotajwa. Tazama Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955 na ambayo bado hupata msaada kutoka huko: Norway, ingawa si mwanachama wa Umoja huo, hufuata sheria zake za fedha, na kwa mujibu wa kanuni hizo, nchi ikiwa orodhani, hata sadaka ya dawa za wagonjwa yaweza kudaiwa hati zaidi kabla haijapita. Hivyo taksiri ya wakubwa hubebwa na wanyonge.

Kutoka orodhani si kinga ya milele. FATF ilikwisha kututoa katika uangalizi wake mwaka 2014, na miaka minane baadaye tukarudi. Dhamana ya kwanza ni ya serikali. Lakini wewe muuza ng'ombe wa Basotu, nawe mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, ichukueni stakabadhi ya mauzo, ihifadhini kama hati ya shamba, na karani aulizapo mjibuni bila ya hamaki, maana jawabu lililoandikwa ni sehemu ya ushahidi ambao nchi yetu itautoa siku itakapokaguliwa tena.