Kitalu cha miche

Kitalu cha miche ni mahali palipoandaliwa kwa ajili ya kusia mbegu na kutunza miche michanga mpaka iwe na nguvu ya kuhamishiwa bustanini. Hutumika hasa kwa mboga zenye mbegu ndogo, kama vile nyanya, kabichi, sukumawiki, pilipili hoho, bilinganya na vitunguu. Karoti haisiwi kitaluni, kwa kuwa mzizi wake ukisumbuliwa hupinda au kugawanyika. Maharage na bamia huota upesi, hivyo hupandwa moja kwa moja.

Wakati wa kusia

Siku ya kusia hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupandikiza. Muda ambao miche hukaa kitaluni ni takriban:

- kabichi, sukumawiki na nyanya: wiki 4 hadi 6
- pilipili hoho, bilinganya na vitunguu: wiki 6 hadi 8

Kosa la kawaida ni kungoja mvua inyeshe ndipo mbegu zisiwe. Kaskazini mwa Tanzania na katika sehemu nyingi za Kenya, masika huanza mwezi Machi na vuli mwezi Oktoba. Anayetaka kupandikiza sukumawiki mwanzoni mwa masika husia Februari na kumwagilia kitalu chake kwa ndoo, kwani eneo ni dogo. Anayesia baada ya mvua kuanza hupandikiza wakati mwezi mzima wa mvua umekwisha pita.

Nyanya zina hesabu tofauti. Mvua nyingi pamoja na ubaridi huleta ugonjwa wa bakajani, ambao unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Kwa hiyo wenye maji ya kumwagilia husia nyanya masika yanapoelekea kwisha, ili zizae wakati wa kiangazi.

Kuchagua na kujaribu mbegu

Mbegu zilizochumwa kutoka kwenye tunda la chotara hazitoi mimea inayofanana na mzazi wake. Mbegu za vitunguu hupoteza uhai mapema, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mbegu za zamani hujaribiwa kwa kufunga 20 katika kitambaa chenye unyevu kwa siku 7 hadi 10. Zikiota 16, uotaji ni asilimia 80. Zikiota chini ya nusu, ni afadhali kutafuta nyingine.

Kuandaa na kusia

Tuta hufanywa lenye upana wa mita 1, ili mtu afikie katikati bila kulikanyaga. Huinuliwa sentimita 15 hivi maji yasituame, na udongo huchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Haifai kutumia mahali palipokuwa na nyanya, pilipili, bilinganya au viazi mviringo kwa kusia mojawapo ya mimea hiyo, kwa sababu magonjwa yake ni yaleyale.

Mbegu husiwa katika mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kwa kina cha sentimita 1, kisha tuta hufunikwa kwa nyasi kavu na kumwagiliwa. Nyasi huondolewa mara tu mbegu zinapochomoza. Zikichelewa kuondolewa, miche hurefuka na kuwa dhaifu. Baada ya hapo hujengwa kichanja chenye kivuli chepesi.

Matunzo

Miche iliyosongamana hupunguzwa. Msongamano na maji mengi husababisha kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya kuvu ambao huozesha shina usawa wa ardhi mpaka mche ukaanguka. Mche ulioanguka hauponi. Dawa yake ni kuukinga kwa kumwagilia asubuhi na kuruhusu hewa ipite. Miche inayokutwa imekatwa asubuhi kwa kawaida imeliwa na sota, ambao hujificha kwenye udongo karibu na shina na huweza kuokotwa kwa mkono.

Kupandikiza

Wiki moja kabla ya kupandikiza, maji hupunguzwa na kivuli huondolewa kidogo kidogo ili miche izoee jua. Siku ya kung'oa, kitalu humwagiliwa vizuri ili mizizi itoke na udongo wake. Kazi hufanywa jioni au siku ya mawingu. Miche mingi hupandwa kwa kina kilekile ilichokuwa nacho kitaluni, isipokuwa nyanya, ambayo hupandwa chini zaidi kwa kuwa shina lake lililofukiwa huotesha mizizi mingine.