Maspika Waliotaka Makubwa

Rekodi ya kung'ang'ania kiti ni ya Michael Madigan, na haielekei kuvunjwa karibuni. Aliongoza Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois kwa miaka 36. Alianza 1983 na kuondoka 2021, akipumzishwa kati ya 1995 na 1997 tu, Republican walipopata viti vingi. Hakuna kiongozi mwingine wa bunge Marekani, la jimbo wala la taifa, aliyedumu hivyo. Magavana saba walipishana mbele yake, na mswada asioupenda ulikuwa unafia kwenye kamati kabla haujasomwa na mtu.

Cha ajabu, mtu huyu hakuwahi kugombea ugavana wala useneta. Tena kiti chake kilimfungia njia hata binti yake. Lisa Madigan alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo tangu 2003, na mwaka 2013 wengi walimtarajia awanie ugavana. Akajitoa, akieleza kwamba si vyema gavana na spika watoke familia moja, na baba hakuwa na nia ya kuondoka. Mzee aliondoka miaka minane baadaye, wabunge wenzake walipomnyima kura za kutosha. Februari 2025 alipatikana na hatia ya ufisadi, na Juni mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu.

Nimemtanguliza Madigan kwa sababu ukizipanga safari za maspika wa majimbo ya Marekani, unakuta waliokaa sana hawakufika mbali, na waliofika mbali hawakukaa. Spika huchaguliwa na wakazi wa eneo bunge moja, kisha na wabunge wenzake. Nguvu zake ni za ndani ya jengo: nani aketi kamati gani, mswada upi usomwe lini, fedha za kampeni ziende kwa nani. Mpiga kura wa upande wa pili wa jimbo hamjui, na akimjua huenda ni kwa ubaya. Kila mwaka anaozidi kukaa, orodha ya aliowanyima inarefuka. Barack Obama, mwana wa Mkenya, alikuwa seneta wa jimbo hilohilo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004, na hakuwahi kuiongoza Seneti yake. Pengine hiyo ndiyo iliyomfaa.

Walioanza wadogo zaidi katika orodha yangu ni wawili, na wote walipata uspika wakiwa na miaka 26. Franklin Pierce aliupata New Hampshire mwaka 1831, baba yake akiwa amewahi kuwa gavana. Miaka miwili baadaye alikuwa Washington katika bunge la taifa, na 1853 akaapishwa kuwa rais wa 14. Wa pili ni Ben Barnes wa Texas, spika tangu 1965 na naibu gavana tangu 1969. Rais Lyndon Johnson mwenyewe alimtabiria urais. Kisha ikaja kashfa ya hisa za Sharpstown, iliyowachafua wanasiasa wa Texas. Barnes hakushtakiwa kwa kashfa ile, lakini wapiga kura walikuwa wamemkasirikia kila aliyekuwa na cheo mjini Austin, makao makuu ya jimbo. Katika kura ya mchujo ya ugavana ya 1972 alimaliza wa tatu, akiwa na miaka 34, na hakugombea tena.

Kwa mwendo, simjui aliyempita Calvin Coolidge. Januari 1914 akawa rais wa Seneti ya Massachusetts, yaani spika wa chumba hicho, 1916 naibu gavana, 1919 gavana, 1921 makamu wa rais, na Agosti 1923, Warren Harding alipofariki, akawa rais. Haikufika hata miaka kumi. Habari za kifo zilimkuta kijijini kwao Vermont, na baba yake, aliyekuwa na mamlaka ya kuapisha watu, akamwapisha karibu saa tisa usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta. Maishani Coolidge alishindwa uchaguzi mmoja tu: ule wa kamati ya shule mjini Northampton.

Namba ya mkosi katika habari hizi ni 87. Al Smith aliacha shule akiwa mtoto, akafanya kazi soko la samaki la Fulton, akaingia bunge la New York na kuwa spika mwaka 1913. Baadaye alichaguliwa gavana mara nne. Mwaka 1928 akawa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kuwania urais, akapata kura 87 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 444 za Herbert Hoover. Hata New York ilimtupa.

Coke Stevenson wa Texas ndiye mwenye 87 chungu zaidi. Alikuwa spika, kisha naibu gavana, kisha gavana. Mwaka 1948 alitaka useneta wa taifa na kukutana na Lyndon Johnson katika duru ya pili ya mchujo. Siku sita baada ya kura kupigwa, sanduku namba 13 la mji wa Alice lilitoa kura 202 za nyongeza, na 200 kati ya hizo zilikuwa za Johnson. Matokeo ya mwisho: 494,191 kwa 494,104. Stevenson alikwenda mahakamani, akashindwa, akarudi kwenye ranchi yake. Johnson alikwenda Seneti na hatimaye Ikulu.

Sam Rayburn naye alikuwa spika wa Texas, akiwa na miaka 29, mwaka 1911. Kipindi kimoja tu, kisha Washington, ambako alikuja kuwa spika wa taifa kwa jumla ya miaka 17, na rekodi hiyo bado ni yake.

Aliyekuwa mgumu kung'olewa ni Willie Brown wa California, spika tangu Desemba 1980. Mwaka 1990 wapiga kura walipitisha Pendekezo 140 la kuweka ukomo wa mihula, wengi wakimlenga yeye. Mwaka 1994 Republican walipata viti 41 kati ya 80, wakajiandaa kusherehekea. Mmoja wao, Paul Horcher, akahama chama na kumpigia Brown: 40 kwa 40. Brown akaendelea kukalia kiti. Alipoondoka 1995 hakuwania ugavana. Aligombea umeya wa San Francisco, akashinda.

Mwanamke wa kwanza kuwa spika wa bunge la jimbo alikuwa Minnie Craig, North Dakota, 1933. Ilichukua miaka 75 zaidi kumpata mwanamke mweusi, Karen Bass wa California, ambaye alikaa miaka miwili, akaenda bunge la taifa, na tangu Desemba 2022 ni meya wa Los Angeles. Toni Atkins aliongoza vyumba vyote viwili vya bunge la California, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kabla yake. Akajitosa kuwania ugavana, na Septemba 2025 akajitoa kabla ya kura moja kupigwa.

Marco Rubio, spika wa Florida kuanzia 2006 hadi 2008, ana rekodi ya aina yake: katika mchujo wa urais wa 2016 alishinda kaunti moja tu kati ya 67 za jimbo alilowahi kuliongozea bunge. Leo ni waziri wa mambo ya nje.

Kenya nayo ina maspika wa kaunti tangu 2013, ingawa utaratibu ni tofauti: spika huchaguliwa na wawakilishi wa wadi, na sharti asiwe mmoja wao. Susan Kihika alikuwa spika wa kwanza wa Nakuru, akawa seneta 2017, na gavana 2022. Kwenye uspika alikaa muhula mmoja.