Mahakama za India Hazidai Makovu

"Hajawahi kuninyanyulia mkono. Nikienda mahakamani nitasema nini?"

Wanawake wananiuliza swali hili. Wanaume wananiuliza. Kina mama wa Mombasa na Dar es Salaam wananiuliza kwa niaba ya mabinti zao walioolewa Rajkot, Pune au Delhi. Bunge la India lilikwisha kulijibu, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imelijibu tena na tena kwa miongo kadhaa. Hata hivyo mashangazi, majirani na hata baadhi ya mawakili bado wanamwambia mtu anayeteseka kwamba kama hakupigwa hana kesi, arudi nyumbani akavumilie. Ushauri huo ni wa uongo, na kwa sababu unawafungia watu ndani ya ndoa zinazowaangamiza, sina tena subira nao.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya mwaka 1955, ambayo inawahusu pia Wabudha, Wajaini na Masingasinga, inasema katika kifungu cha 13 kwamba mume au mke anaweza kuomba talaka ikiwa mwenzake, baada ya ndoa kufungwa, amemtendea ukatili. Kuhusu ukatili, kifungu kinaishia hapo. Hakitaji kipigo, hakitaji jeraha, wala hakidai cheti cha daktari.

Imani ya kwamba lazima uwe umeumizwa ina asili yake, na asili hiyo ilifutwa zamani. Kabla ya mwaka 1976, ukatili ulimpa mtu haki ya kuomba kutenganishwa na mwenzake tu, si kuachana naye, na ilibidi aonyeshe kwamba ana hofu ya msingi ya kudhurika wakiendelea kuishi pamoja. Marekebisho ya 1976 yaliufanya ukatili kuwa sababu ya talaka na yakaliondoa sharti hilo la hofu. Anayekudai makovu leo anakusomea sheria iliyokufa karibu nusu karne iliyopita.

Kwa Waislamu jambo hili liko wazi zaidi. Sheria ya Kuvunja Ndoa za Waislamu ya mwaka 1939 inampa mke haki ya kuomba talaka mahakamani ikiwa mume anayafanya maisha yake kuwa ya dhiki kwa mwenendo wa kikatili, hata kama mwenendo huo haufikii kumdhuru mwilini. Maneno hayo yameandikwa ndani ya sheria tangu kabla India haijapata uhuru. Sheria Maalumu ya Ndoa ya 1954, inayotumika kwa ndoa za kiserikali, nayo inataja ukatili bila kuuwekea mipaka ya mwili. Wakristo wanaongozwa na Sheria ya Talaka ya 1869 iliyorekebishwa mwaka 2001. Hii bado inataka hofu ya msingi ya kudhurika, lakini haisemi kwamba madhara hayo lazima yawe ya mwili.

Sasa tuangalie majaji walivyoamua. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya V. Bhagat dhidi ya D. Bhagat. Mume alikuwa wakili. Katika majibu ya mke ya maandishi na katika mahojiano ya mahakamani, upande wake ulidai kwamba mume ni mgonjwa wa akili na kwamba wazimu uko katika ukoo wa mume. Hakuna aliyeguswa hata kwa kidole. Mahakama ilisema madai ya namna hiyo, yakiandikwa ndani ya kesi na kusisitizwa, yenyewe ni ukatili wa kiakili, kwa kuwa mtu aliyetamkiwa hayo hawezi kutarajiwa kurudi na kuendelea kuishi na mwenzake. Ndoa ikavunjwa.

Mwaka 2007 ikaja kesi ya Samar Ghosh dhidi ya Jaya Ghosh. Wote wawili walikuwa maofisa wa ngazi ya juu wa serikali. Mume alieleza kwamba mke aliamua peke yake kutozaa naye kwa muda, kwamba alijipikia mwenyewe na kumwacha mumewe ajitafutie, na kwamba mume alipougua hakuja kumjulia hali. Humo ndani hamna kofi hata moja. Mahakama ya kwanza ilitoa talaka, Mahakama Kuu ya Calcutta ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha. Majaji hawakuishia hapo. Waliorodhesha mifano 14 ya kuwaongoza mahakimu wanaofuata, huku wakionya kwamba orodha hiyo haifungi mlango kwa mifano mingine. Humo mna kudhalilishwa na kutukanwa mfululizo, kutelekezwa kihisia kwa makusudi, kunyimwa tendo la ndoa kwa muda mrefu bila sababu, na mke kutoa mimba au mume kufunga uzazi bila sababu ya kitabibu na bila mwenzake kujua wala kuridhia.

Wapo pia wanaoniambia, "Lakini yeye hakukusudia, ndivyo alivyolelewa." Kwa hilo nenda kwenye kesi ya Shobha Rani ya mwaka 1987, iliyohusu mahari ambayo upande wa mume ulimdai mke na wazazi wake. Mahakama ilisema nia mbaya si sharti la lazima. Kinachopimwa ni tendo lenyewe na athari yake kwa aliyetendewa.

Hivyo ndivyo hali ilivyo kisheria. Lakini imani ya makovu inazaa dawa ya kienyeji ambayo ni hatari kuliko imani yenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu akishaaminishwa kwamba bila kipigo hana kesi, anatokea mjuaji wa kumshauri: "Ongeza kipigo. Nenda polisi, sema alikukaba, mtaje na mama mkwe, wataje na mashemeji, watakuja wenyewe kupiga magoti."

Usifanye hivyo. Usifanye hata kama mume wako ni mkatili kweli, na hasa usifanye kama ni mkatili kweli. Mwaka 2013, katika kesi ya K. Srinivas Rao dhidi ya D.A. Deepa, na tena mwaka 2014 katika kesi ya K. Srinivas dhidi ya K. Sunita, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mashtaka ya jinai ya uongo dhidi ya mwenzi na ndugu zake ni ukatili wa kiakili. Maana yake ni kwamba uliyeingia mahakamani ukiwa mwenye haki unatoka ukiwa mkosaji, na talaka anapewa yeye, tena kwa kosa lako. Shahidi akishakamatwa katika uongo mmoja, mahakama haina wajibu wa kuamini miaka sita ya matusi ya kweli aliyoyaeleza baada yake. Umeyafukia mateso yako halisi chini ya kipigo cha kubuni ambacho sheria haikukuomba.

Nisieleweke vibaya. Kifungu cha 498A cha kanuni ya adhabu ya India, ambacho tangu Julai 1, 2024 kimerithiwa na kifungu cha 85 cha Bharatiya Nyaya Sanhita, kanuni mpya ya adhabu, kipo kwa ajili ya wanawake wanaoumizwa na wanaobanwa watoe mali. Kinampa mume na ndugu zake kifungo cha hadi miaka 3, na ukatili unaotajwa humo unajumuisha hatari kubwa kwa afya ya akili. Ukipigwa, au ukitishiwa kwa sababu ya mahari, ripoti siku hiyo hiyo. Na malalamiko ya kweli hayageuki kuwa uongo kwa sababu tu ushahidi haukutosha kumtia mtu hatiani. Ninachokipinga ni kubuni.

Kubuni hakuna hata faida, kwa sababu kesi ya talaka ni ya madai. Tangu kesi ya Dastane ya mwaka 1975, Mahakama ya Juu inasema kwamba huhitaji kuthibitisha ukatili bila kuacha shaka, kama inavyotakiwa kwenye jinai. Inatosha hakimu akipima pande mbili aone kwamba uyasemayo yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya kweli. Kiwango hicho kinafikiwa na ukweli uliopangwa vizuri.

Neno "uliopangwa" ndilo linalowaangusha wengi. Maombi mengi ya ukatili wa kiakili yanashindwa kwa sababu yameandikwa kama malalamiko ya jumla: ananitesa, hanijali, ananidharau. Hakimu hawezi kulitolea uamuzi neno "ananidharau". Mwambie ni lini, mbele ya nani, kwa maneno gani, na baada ya hapo kilikupata nini. Ulikosa usingizi? Uliacha kazi? Ulimweleza dada yako usiku ule ule? Mahakama inaitazama ndoa nzima kwa pamoja, kwa hiyo matukio mawili matatu yaliyotawanyika katika miaka kumi hayatoshi. Ugomvi wa kawaida, wivu mdogo na kununiana havitoshi pia, na majaji wamelisema hilo katika kesi hiyo hiyo ya Ghosh. Wanachotafuta ni mwenendo unaojirudia na uzito wake.

Tahadhari nyingine inatoka kwa Dastane huyo huyo. Mume alithibitisha ukatili wa mkewe, na bado alishindwa, kwa sababu waliendelea kuishi kama mume na mke na mahakama ikahesabu kwamba amesamehe. Msamaha huo una masharti. Mateso yakianza upya, ya zamani nayo yanafufuka. Kwa hiyo ukirudi nyumbani baada ya usuluhishi, weka kumbukumbu ya kilichoahidiwa na tarehe kilipovunjwa.

Na wale wanaosubiri ndoa ife yenyewe kwa kuishi mbalimbali, acheni kusubiri. India haina talaka inayokuja yenyewe kwa kupita miaka, iwe miwili, mitano au saba. Karatasi ya stempu iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji haivunji ndoa ya Kihindu, na anayeoa au kuolewa tena kwa kuitegemea anajitia kwenye kosa la jinai.

Haya ndiyo ya kufanya. Kwanza jua ndoa yako ilifungwa chini ya sheria ipi, maana ndiyo itakayoongoza ombi lako. Andika orodha ya matukio kwa tarehe kabla hujamwona wakili. Tunza ujumbe wa simu, barua pepe na rekodi katika vifaa vyenyewe, na mwombe wakili aandae cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Mwezi Julai 2025, katika kesi ya Vibhor Garg dhidi ya Neha, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mazungumzo ya mwenzi yaliyorekodiwa bila yeye kujua yanaweza kupokelewa katika kesi ya ndoa.

Ndoa za Kihindu ambazo hazijatimiza mwaka haziombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama, inayotolewa kwa dhiki ya kupindukia. Tangu mwaka 2003 mke anaweza kufungua kesi mahali anapoishi yeye. Si lazima amfuate mume mji aliko. Unaweza kuomba matunzo na gharama za kesi wakati kesi inaendelea, na tangu uamuzi wa Rajnesh dhidi ya Neha wa mwaka 2020 matunzo yanahesabiwa kuanzia siku ya ombi, na pande zote mbili zinaapa kuhusu mali na kipato chao. Kama mnakubaliana wote, na mmeishi mbali kwa mwaka mmoja au zaidi, ombeni talaka ya maridhiano. Miezi 6 ya kusubiri inayowekwa na sheria kwa talaka hiyo inaweza kufupishwa na mahakama.

Mwanamke anayehitaji ulinzi sasa hivi asingoje talaka. Sheria ya Kuwalinda Wanawake dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2005 inataja waziwazi mateso ya maneno na ya kihisia, ikiwemo kumkejeli mke kwa kukosa mtoto au kukosa mtoto wa kiume, na inataja pia kunyimwa fedha. Hakimu anaweza kumzuia mume, kumwachia mke mahali pa kukaa na kumwamuru mume alipe. Sheria hiyo haitoi talaka, na wanaume hawawezi kuitumia kuomba ulinzi. Ombi la talaka kwa ukatili, hata hivyo, liko wazi kwao sawa na kwa wanawake, isipokuwa lile la sheria ya Waislamu ya 1939, ambalo ni la mke.

Kwa mlio huku Afrika Mashariki na mliofungia ndoa India, kuna jambo moja la mwisho. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, inavunja ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebishika. Sheria ya Ndoa za Kihindu haina sababu hiyo. Mahakama ya Juu peke yake ndiyo inayoweza kuvunja ndoa kwa msingi huo, kwa mamlaka yake maalumu ya kikatiba, kama ilivyothibitisha Mei 2023 katika kesi ya Shilpa Sailesh. Na tangu kesi ya Narasimha Rao ya mwaka 1991, talaka ya nje iliyotolewa kwa sababu isiyo katika sheria mliyofungia ndoa, dhidi ya mwenzi ambaye hakuridhia wala kushiriki, huenda isitambuliwe kule. Kwa hiyo mwambie wakili wako aueleze ukatili wenyewe katika ombi, kwa tarehe na ushahidi, hata kama unafungua kesi Dar es Salaam. Kama uko India na huna fedha ya wakili, nenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya: kila mwanamke ana haki ya kupewa wakili bila malipo, awe na kipato au asiwe nacho.