TUANZE NA MWIKO

Wakati wa kiangazi kazi za shamba hupungua, na wengi wetu tunapata nafasi jioni. Hebu tuzungumze juu ya kuchonga mti. Hatusemi mtu awe fundi mara moja. Tunasema aanze na mwiko. Ukiharibika, hasara ni kipande cha kuni tu. Ukitengenea, utasonga ugali siku zote.

Vifaa si vingi: shoka dogo, tezo, kisu na kinoo. Kisu kiwe kikali. Watu hudhani kisu kikali ndicho kinachokata vidole. Kumbe kisu butu ni hatari zaidi. Unakilazimisha, kinateleza, kinakuja mkononi.

Mti gani? Huku kwetu Mpanda upo mninga, mti mzuri kweli. Lakini mti wa msituni haukatwi hivi hivi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hairuhusiwi kukata mti wowote. Mtu apelekwe mahakamani kwa sababu ya mwiko? Mpingo nao, ule wa vinyago vya Wamakonde, ni mgumu mno kwa anayeanza. Sisi tunashauri tawi la mwembe wa nyumbani. Usitumie mnyaa wala mti mwingine wenye utomvu wa sumu, maana mwiko unaingia chunguni.

Sasa tuje kwenye jambo linalowavunja moyo wengi, yaani kupasuka. Mwenzetu mmoja alichonga kinu cha mti mbichi siku nne nzima. Akakiweka juani ili kikauke upesi. Baada ya siku mbili kilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Siku hizi kuku wanatagia humo.

Kwa nini kilipasuka? Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka, unasinyaa. Juani, sehemu ya nje hukauka haraka na kusinyaa, lakini ndani bado kuna maji, hapasinyai. Basi nje panavutika mpaka panapasuka. Tena maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa.

Kwa hiyo pasua tawi katikati, uondoe ule moyo wa mti. Angalia nyuzi zifuate urefu wa mpini, la sivyo mwiko utavunjika kwenye shingo. Chora umbo kwa mkaa. Chonga kwa shoka na tezo ungali mbichi, maana ni laini, lakini uuache mnene. Paka nta kwenye ncha, uuweke kivulini wiki mbili au tatu.

Ukikauka, malizia kwa kisu, ukikata kuelekea mbali na mwili wako. Watoto wasikae mbele yako. Lainisha kwa msasa, au kwaruza kwa kipande cha chupa, ukishika kwa kitambaa. Mwisho paka mafuta kidogo ya alizeti, ufute, uuache siku moja kabla ya kusongea ugali.