Sera ya Usalama na Afya Katika Chama cha Msingi: Namna ya Kuiandika

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Mei, ghala la chama cha msingi hubadilika kwa ghafla. Jengo lililokaa kimya kwa miezi mingi hujaa makarani, wapima mizani, wapakiaji, madereva na wakulima. Baadhi yao ni vibarua wa majuma machache ambao hawajapata kuifanya kazi hiyo. Mmoja wao akianguka kutoka ngazini, au akizidiwa na sumu ya dawa ya pamba, swali la kwanza huwa hili: ni nani aliyepaswa kuangalia? Chama kisichokuwa na sera iliyoandikwa hakina jibu, na mara nyingi anayebaki kuulizwa peke yake ni katibu.

Hapo zamani usalama wa wafanyakazi Tanganyika ulisimamiwa na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, ambayo shabaha yake ilikuwa viwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliifuta ile ya zamani na kupanua ulinzi huo kwa sehemu za kazi za aina nyingi, kilimo kikiwamo. Msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001, na sehemu za kazi hazina budi kusajiliwa kwake. Kadhalika, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka Mfuko ambao waajiri huuchangia, ili anayeumia kazini asiachwe bila msaada. Chama cha ushirika kinapoajiri mtu, nacho ni mwajiri.

Sera si kitabu kinene. Desturi iliyoenea tangu Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 1974, iliyowadai waajiri tamko la maandishi, ni kuigawa katika sehemu tatu: tamko, mgawanyo wa wajibu, na taratibu za kazi.

Tamko ni aya moja au mbili. Hueleza kwamba chama kitalinda maisha na afya ya kila anayefanya kazi au kuingia katika eneo lake, awe mwajiriwa wa kudumu, kibarua au mwanachama aliyeleta pamba. Hutiwa sahihi na Mwenyekiti wa Bodi pamoja na tarehe.

Mgawanyo wa wajibu hutaja cheo na kazi yake. Bodi hutenga fedha za vifaa. Katibu huweka daftari la ajali na kutoa taarifa zinazotakiwa kisheria. Mtunza ghala hukagua jengo kila asubuhi kabla ya kufungua milango. Kila mfanyakazi hufuata maagizo, na ana haki ya kukataa kazi yenye hatari ya wazi mpaka irekebishwe. Maneno kama “wahusika watachukua hatua” hayafai, kwa kuwa hayamtaji mtu yeyote.

Taratibu ndiyo sehemu inayookoa maisha, nayo haiandikiki mezani. Katibu na mtunza ghala hawana budi kuzunguka ghala pamoja na wafanyakazi wenyewe, wakiuliza katika kila hatua: nini kinaweza kumdhuru mtu hapa? Tuchukue mfano wa chama chenye ghala la pamba huko Nkome, wilayani Geita, kando ya Ziwa Victoria. Hatari zake kubwa zitakuwa hizi:

(a) Kazi za juu. Madirisha ya juu ya ghala huziba kwa vumbi la pamba na hayana budi kusafishwa. Swali la kwanza lisiwe nani apande, bali kama kuna haja ya kupanda. Mijini, kampuni nyingi za kusafisha madirisha zimeacha ngazi kwa kazi nyingi, na hutumia mti mrefu wenye brashi, mtu akiwa amesimama chini. Ghalani vilevile, ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu watosha. Ikilazimu kupanda, ngazi iwe nzima, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu, na mtu wa pili aishike. Kibarua aliyekesha ziwani akivua dagaa asipandishwe ngazini asubuhi.

(b) Lundo la pamba. Watu wa Geita wanajua namna kifusi cha mgodi kinavyoporomoka. Lundo refu la pamba nalo huporomoka, na aliyefunikwa hukosa pumzi. Watoto wasiruhusiwe kucheza juu yake, wala mtu asichimbe pamba kutoka chini ya lundo.

(c) Moto. Pamba huweza kuungua kwa ndani muda mrefu kabla ya moshi kuonekana. Sigara, koroboi na jiko la mkaa vikatazwe ghalani na karibu na mlango. Ndoo za mchanga na maji ziwe tayari, na njia ya kutokea isizibwe kwa mizigo.

(d) Dawa ya pamba. Viuatilifu vifungiwe chumba cha peke yake, mbali na mbegu na chakula. Dawa isipimwe katika chupa za soda, na makopo matupu yasigeuzwe vyombo vya maji. Anayegawa dawa avae glavu na mabuti, na aoge kabla ya kula. Dawa za kale zichunguzwe pia: endosulfan, iliyotumiwa sana katika pamba, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa.

Utaona kwamba katika mifano hii kuondoa hatari hutangulia, kuipunguza hufuata, na vifaa vya kujikinga huja mwisho. Glavu hupasuka na kofia husahaulika, lakini mtu ambaye hakupanda hawezi kuanguka.

Rasimu ikiwa tayari, isomwe mbele ya wafanyakazi, ipitishwe na Bodi, kisha iarifiwe Mkutano Mkuu, kwa sababu gharama zake hulipwa kwa fedha za wanachama. Nakala ibandikwe mlangoni mwa ghala kwa Kiswahili chepesi, na vibarua wasiojua kusoma waelezwe kwa mdomo siku ya kwanza ya kazi. Ipitiwe upya kila mwaka kabla ya msimu, na mara baada ya ajali yoyote.

Chama kinachonakili sera ya mwenzake na kubadilisha jina tu kitapata karatasi ya kumwonyesha mkaguzi, lakini ngazi mbovu itabaki pale pale ukutani.