Chris Squire na Gitaa la Besi

Leo tutajifunza habari za gitaa la besi, na za mtu mmoja aliyeonyesha kwamba sauti ya chini nayo yaweza kusema.

Kwanza tujiulize, besi ni nini? Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Gitaa la besi kwa desturi lina nne, nazo ni nene na ndefu zaidi. Kazi yake katika muziki ni kama ya msingi wa nyumba. Mgeni husifu mlango na madirisha, wala hautazami msingi. Lakini ukiuondoa, nyumba huanguka. Ndiyo maana wapigaji wengi wa besi hawajulikani kwa majina.

Chris Squire alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Machi 1948. Utotoni aliimba katika kwaya ya kanisa. Ninyi mnaoimba kwaya mnajua: sauti ya juu ina njia yake, na ya chini ina njia yake, lakini wimbo ni mmoja. Ukisikiliza besi ya Squire utasikia jambo hilohilo. Haifuati tu nyayo za gitaa. Inaimba njia yake yenyewe.

Mwaka 1965 alikuwa mfanyakazi katika duka la vyombo vya muziki. Hapo alinunua besi ya Rickenbacker kwa bei waliyopunguziwa wafanyakazi. Besi hiyo ilikuwa na vinasa sauti viwili. Squire alizitenganisha waya zake. Sauti nzito ikaenda kwenye kipaza sauti kimoja, na sauti kali ikaenda kwenye kingine. Tena hakupiga kwa vidole vitupu, bali kwa kijibao kidogo cha kukwarulia nyuzi. Kwa njia hiyo msingi ulibaki imara, na kila noti ikasikika waziwazi.

Mwaka 1968 yeye na mwimbaji Jon Anderson walianzisha kundi la Yes. Walipiga roki ya namna ya pekee, yenye nyimbo ndefu za sehemu nyingi. Katika santuri yao ya mwaka 1972, iitwayo Close to the Edge, wimbo mmoja unajaza upande mzima.

Wenzake wengi waliingia na kutoka, hata Anderson mwenyewe. Squire hakutoka. Alipiga katika kila santuri ya kundi hilo hadi ile ya mwaka 2014. Alifariki tarehe 27 Juni 2015 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 67. Mwezi wa Agosti mwaka ule, Yes walipiga jukwaani bila yeye kwa mara ya kwanza. Nafasi yake ilishikwa na Billy Sherwood, ambaye Squire mwenyewe alimwomba aishike.

Basi, leo mkisikia muziki wa dansi redioni, msisikilize mwimbaji peke yake. Itafuteni sauti ya chini. Ifuateni kutoka mwanzo hadi mwisho, nanyi mtatambua ni nani aliyeubeba wimbo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini besi imefananishwa na msingi wa nyumba?
2. Squire alifanya nini ili besi yake isikike waziwazi?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani inayobeba nyingine bila kuonekana?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.